Mchoraji Alisimama Wapi? Shajara ya kuweka michoro ya Mji Mkongwe kwenye ramani

Jumatatu. Mezani, kabla ya kutoka

Kazi ya wiki ni kuchukua michoro inayoonyesha Mji Mkongwe wa Zanzibar, ya karne ya 19 hadi ya leo, na kuweka kila mmoja mahali pake kwenye ramani ya kidijitali. Mtu akisimama Forodhani, ufukwe wa mbele wa mji, na simu yake, aone wachoraji waliotangulia walitazama nini kutoka hapo hapo.

Wengi huanza kwa kufungua programu ya ramani na kubandika alama, na hapo kazi huanza kuharibika. Mchoro wa mahali una mahali pawili: pale aliposimama mchoraji, na kile alichokitazama. Mchoro wa mji uliochorwa kutoka melini una alama ya kwanza katikati ya bahari na ya pili kwenye ukuta wa Ngome Kongwe. Ukibandika alama moja juu ya jengo umepoteza nusu ya habari, tena ile nusu inayopatikana kwa taabu. Wikidata, hazina huria ya data, wameliona hilo zamani: sifa ya P1259 ni majiranukta (latitudo na longitudo) ya pale mtazamaji aliposimama, P9149 ni ya mahali panapoonyeshwa. Wikimedia Commons, hazina huria ya picha, nao wana vigezo viwili, Location kwa aliyesimama na Object location kwa kilichotazamwa.

Kwa hiyo jedwali kwanza, ramani baadaye. Safu zinazotosha ni hizi: namba ya mchoro, jina lake, msanii, mwaka_kuanzia, mwaka_hadi, mbinu (rangi za maji, rangi za mafuta, chapa ya jiwe, mchongo wa bamba), latitudo na longitudo za aliposimama, latitudo na longitudo za kilichotazamwa, azimuti (mwelekeo wa kutazama, kwa nyuzi kutoka kaskazini), upana (wa pembe ya mtazamo), umbali, daraja la uhakika (A hadi D, maelezo yake Ijumaa), sababu ya daraja hilo, haki za matumizi, na jina la faili la picha. Mwaka uandikwe kwa safu mbili zenye tarakimu tupu. Ukiandika "miaka ya 1880 hivi" ndani ya safu moja, kompyuta itaisoma kama maneno, na kitelezi cha miaka, kile kitufe cha kusogeza ili kuchagua mwaka, hakitafanya kazi siku ya mwisho.

Makosa ya jedwali yanayorudi kila mradi:

Alama ya kutoa kwenye latitudo. Mji Mkongwe uko karibu na -6.16, 39.19. Ikidondoka ile alama ya kutoa, mchoro wako unatua kusini mwa Ethiopia. Ukibadilisha nafasi za namba mbili hizo, unatua magharibi mwa Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Kwa hiyo ukiona nukta zako zimehamia Ulaya huna haja ya kutafuta virusi. Faili za GeoJSON, muundo wa kubebea data za ramani, huandika longitudo kwanza, wakati Leaflet, msimbo wa kuonyesha ramani kwenye wavuti, yenyewe hutaka latitudo kwanza, na hapo ndipo watu hujikwaa.

Tarakimu baada ya nukta. Tano zinatosha, maana ya tano ni kama mita 1.1. Tatu ni chache mno: hiyo ni mita 110, yaani mtaa mzima katika mji huu.

Ritifaa. "Ng'ambo" iliyoandikwa kwa alama iliyonyooka na "Ng’ambo" yenye alama iliyopinda ni mahali pawili tofauti machoni pa kompyuta. Simu na programu za kuandikia hupinda alama hiyo zenyewe. Chagua moja, kisha tafuta-na-badilisha safu nzima. Faili lihifadhiwe kwa usimbaji wa herufi wa UTF-8.

Baada ya jedwali, picha zenyewe. Mchoro wa ukubwa wa A3 unaoskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi hutoa pikseli 3508 kwa 4961, na hiyo inatosha kusoma hata madirisha. Kama hauwezi kutolewa ukutani, ipigwe picha kwa taa mbili, kila upande moja, zikiangaza kwa nyuzi 45, lenzi ikitazama katikati ya mchoro na kamera ikiwa sambamba nao. Kamera ikiinama kidogo, mistari ya majengo hukutana juu, na kesho utaipima kana kwamba mchoraji ndiye aliyekosea. Weka rula ya sentimita pembeni ya fremu ya kwanza.

Kwa karne ya 19 chanzo kizuri cha kuanzia ni albamu ya nahodha Mfaransa Charles Guillain, aliyepita pwani hii kati ya 1846 na 1848 na jahazi la kivita Ducouëdic. Baadhi ya chapa zake za jiwe zilitokana na picha za dagerotaipu, fotografia za awali kwenye bamba la metali. Hapa pana mtego. Dagerotaipu ya kawaida hutoka imegeuzwa, kushoto kuwa kulia, na mchongaji wa bamba naye asipojihadhari hugeuza tena au hasahihishi. Jaribio ni dogo: ukiutazama mji kutoka baharini leo, Ngome Kongwe iko kulia kwa Beit al-Ajaib, jumba la maajabu la sultani, na jumba la kifalme liko kushoto. Mchoro wowote uwekwe kwenye jaribio la namna hiyo kabla ya kupimwa. Mchoro wa kabla ya Beit al-Ajaib upimwe kwa Ngome na Ras Shangani: rasi iwe kulia.

Magazeti ya picha ya London, Illustrated London News na The Graphic, nayo yalichapisha michongo ya Zanzibar. Mchongaji alikaa London na kufanya kazi kutoka mchoro wa haraka au picha ya mtu mwingine. Minazi, mawingu na majahazi ya mbele ni vya kutiliwa shaka siku zote, kwa kuwa ndivyo vilivyojaza nafasi tupu. Mpangilio wa majengo una ukweli zaidi.

Haki za matumizi zijazwe leo, si siku ya kuchapisha. Irma Stern wa Afrika Kusini alifika Zanzibar mwaka 1939 na tena 1945, akafariki 1966. Nchi zinazohesabu miaka 50 baada ya kifo zimekwisha kuziachia kazi zake, zinazohesabu 70 bado. Kwa msanii aliye hai, chukua ruhusa ya maandishi inayotaja ukubwa wa picha utakayoonyesha.

Mwisho wa siku, simu. Ramani ya chini iwe picha za droni za Zanzibar Mapping Initiative, mradi ulioanza 2016 chini ya Kamisheni ya Ardhi pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na kuungwa mkono na Benki ya Dunia. Pikseli moja ni kama sentimita 7 ardhini, na leseni yake inaruhusu kutumika kwa kutaja chanzo. Kwenye QGIS, programu huria ya ramani ya kompyuta, tumia zana ya kutengeneza vigae (vipande vya picha ya ramani) katika faili la MBTiles, viwango vya kukuza 14 hadi 19. Kigae cha kiwango cha 19 hufunika kama mita 76 kila upande, kwa hiyo mji wote ni faili dogo. Usijaribu kuvuna vigae vya ramani huria ya OpenStreetMap kwa wingi, kwani kanuni zao zinakataza. Kisha hamishia mradi kwenye QField, programu ya simu inayofungua mradi wa QGIS uwandani.

Jumanne. Forodhani

Siku nzito ya wiki ni hii, maana michoro mingi ya mji huu ni ya upande wa bahari.

Kwanza, miaka. Majengo ya mbele ya mji ni kalenda. Mchoro wenye Beit al-Ajaib ni wa 1883 au baada yake. Ukiwa na mnara mrefu wa taa uliosimama peke yake mbele ya majumba, ni wa kabla ya tarehe 27 Agosti 1896, siku Waingereza walipoupiga mji kwa mizinga. Mnara huo uliharibiwa pamoja na majumba ya Beit al-Hukm na Beit al-Sahel, na mwaka uliofuata Beit al-Ajaib ikapewa mnara wake kwa mbele. Jengo la Zahanati ya Zamani kule Mizingani, lenye roshani za mbao zilizonakshiwa, lilijengwa kati ya 1887 na 1894. Minara miwili ya Kanisa la Mtakatifu Joseph ni ya mwishoni mwa miaka ya 1890. Kanisa la Kianglikana la Mkunazini lilianza kujengwa 1873. Reli inayopita ufukweni ni ile ya Bububu, ya mwanzoni mwa karne ya 20. Bustani yenye miti iliyopangwa ni ya kuanzia miaka ya 1930.

Tengeneza jedwali dogo la alama hizi na ulipitishe kila mchoro: kipi kipo, kipi hakipo. Kilichopo kinatoa mwaka_kuanzia, kisichopo kinatoa mwaka_hadi. Tahadhari iwe kwenye kisichopo. Kanisa linaweza kukosekana kwa sababu limefichwa na paa, au mchoraji hakulipenda. Kutokuwepo kuhesabiwe tu pale ambapo jengo lingeonekana kwa lazima.

Pili, aliposimama. Njia ya uhakika ni ile ya manahodha ya kupanganisha alama mbili. Tafuta kwenye mchoro vitu viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, vinavyokaa kwenye mstari mmoja wa wima. Tuseme mnara wa Mtakatifu Joseph unatokea juu ya kona ya magharibi ya Ngome. Chora mstari kwenye ramani kutoka mnarani kupitia kona hiyo, uendelee hadi baharini. Mchoraji alikuwa mahali fulani juu ya mstari huo. Sasa tafuta jozi ya pili, mfano mnara wa kanisa la Mkunazini ukigusa ukingo wa Beit al-Ajaib. Mistari inapokatana ndipo alipokuwa. Hakuna programu inayokupa jibu safi kuliko hili kwa mchongo wa zamani. Zana kama fSpy, zinazokisia nafasi ya kamera kwa mistari sambamba, ni nzuri kwa fotografia, ila hupotea kabisa mkono wa mchoraji ukipinda ukuta mmoja.

Pembe ya kukatana ni muhimu. Mistari ikikutana kwa nyuzi 50 au 60, kosa la mita chache linabaki mita chache. Ikikutana kwa chini ya nyuzi 20, kosa hurefuka kama samaki aina ya mkunga, na hapo unapaswa kushusha daraja la uhakika au kutafuta jozi ya tatu.

Mchoro usio na jozi hata moja una njia ya pili, iliyo dhaifu zaidi. Chukua majengo mawili ambayo umbali kati yao unaupima kwenye picha ya droni. Kadiria pembe yao mchoroni, kisha gawa nusu ya umbali huo kwa tanjenti ya nusu ya pembe. Majengo yaliyoachana mita 200 na kuonekana kwa nyuzi 20 yanamweka mchoraji kama mita 567 mbali, akiwa ameyakabili sawasawa. Pima mlalo tu. Wima usiuamini, kwa sababu wachoraji wa melini walipenda kurefusha minara na bendera.

Mstari wa upeo wa bahari, au pale ambapo ungekuwa, unakupa kimo cha jicho. Kila kitu kinachokatwa na mstari huo kiko kwenye kimo kile kile cha macho ya mchoraji. Ukipita kwenye kifua cha watu waliosimama ufukweni, alikuwa ameketi kitini hapo hapo. Ukipita ghorofa ya pili, alikuwa juu ya roshani au kwenye sitaha ya meli kubwa. Safu moja ya jedwali iwekwe kwa hili, hata kwa maneno: ufukweni, sitaha, paa.

Tatu, kusimama penyewe. Hapa ukuta wa bahari unaleta shida. Ufukwe wa michoro ya kale ulianza karibu kabisa na kuta za Ngome, na bustani ya leo imekaa juu ya mchanga ule. Mbele zaidi ni maji. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kupwa na maji kujaa hufikia kama mita 4, kwa hiyo aliyechora mchangani wakati wa maji kupwa alisimama mahali ambapo saa sita baadaye pangemfunika. Panga kufika maji yakiwa yamekupwa, siku za bamvua, ili uweze kusogea mbele ya ukuta. Wakati wa maji mafu utaishia kwenye ngazi.

Piga picha ya sasa kutoka pale mistari ilipokatana. Lenzi ya kawaida ya simu hushika kama nyuzi 69 kwa upana, na michoro mingi ya mandhari ni nyembamba kuliko hivyo. Weka 2x, ambayo hushika kama nyuzi 38, halafu linganisha na nakala ya A4 iliyochapwa. Mpangilio ukikubali kushoto na kulia kwa pamoja, umefika. Ukikubali upande mmoja tu, sogea kuelekea upande ambao nafasi kati ya vitu imebanana kuliko mchoroni, maana hatua chache kuelekea huko huifungua.

Jua nalo ni shahidi, ingawa si wa kuapishwa. Uso wa mji unatazama kaskazini-magharibi, hivyo asubuhi uko kivulini na alasiri unang'aa. Mwezi wa Juni, jua likiwa kaskazini, mwanga huufikia mapema. Kivuli katika rangi za maji zilizochorwa papo hapo kina maana. Katika mchongo wa London hakina, kwa sababu mchongaji alitia kivuli upande uliomfaa.

Jambo la mwisho la ufukweni: Beit al-Ajaib ilianguka sehemu yake kubwa tarehe 25 Desemba 2020, na picha za droni ni za kabla ya hapo. Kwa kazi hii ni bahati, kwani kona unazohitaji zinaonekana zikiwa kamili. Ila andika kwenye maelezo ya ramani mwaka wa picha ya chini, la sivyo msomaji atadhani jengo liko vile.

Jumatano. Vichochoroni

Ndani ya mji mambo yanageuka. Hakuna upeo, na GPS nayo haitegemeki. Uwanjani simu hukosea kama mita 5. Kati ya kuta ndefu za Kiponda au Sokomuhogo mawimbi ya setilaiti hugonga ukuta na kurudi, na kosa hufika mita 15 hadi 30, yaani vichochoro viwili au zaidi. Kungoja dakika nzima husaidia kidogo tu. Kinachofaa ni kuzima wazo la kuamini ile nukta ya buluu. Tambua kona uliyosimama kwenye picha ya droni, kisha weka alama kwa kidole. Paa za Mji Mkongwe hazifanani, na ukizoea utasoma mji kutoka juu.

Dira ya simu nayo hudanganyika karibu na chuma. Nguzo za Beit al-Ajaib ni za chuma, mabati yamejaa kila paa, na hata sumaku ya kasha la simu inatosha kuigeuza nyuzi 20. Tumia azimuti inayopimwa kwenye ramani kati ya aliposimama na kilichotazamwa, na dira iwe ya kukagua tu. Kaskazini ya dira hapa imepishana na kaskazini ya kweli kwa nyuzi chache kuelekea magharibi.

Kabla ya kupita na kamera na karatasi, muone sheha, kiongozi wa serikali wa shehia, yaani mtaa. Si urasimu. Mtu anayepima milango ya watu bila kujulikana huonekana kama dalali, na hilo lina sababu, kwani milango ya nakshi ina soko. Kwa sababu hiyo hiyo, michoro ya milango ya nyumba za watu isiwekwe kwenye mlango wenyewe katika ramani ya umma. Sogeza nukta hadi makutano ya karibu, andika daraja C, na majiranukta kamili yabaki kwenye faili la ndani.

Wazee wa barazani ni chanzo kinachozidi hifadhi nyingi, mradi uulize vizuri. Salimu kwanza, shikamoo na habari za asubuhi zikamilike, kisha mpe mchoro mkononi na unyamaze. Ukisema "Mzee, hapa si Hurumzi?" atakukubalia kwa adabu. Uliza "Mzee, hapa unapaona ni wapi?" na usubiri. Muulize na mwingine baraza ya mbali, asiyemsikia wa kwanza. Majibu mawili yakilingana, sababu ya uhakika iandikwe "wenyeji wawili, kila mmoja peke yake". Majina ya wazee hayaingii kwenye jedwali la umma.

Michoro inayouzwa mtaa wa Gizenga inastahili neno. Mingi inaonyesha kichochoro chenye mlango wa nakshi, mwanamke mwenye buibui na jahazi kwa mbali, mahali ambapo jahazi haliwezi kuonekana kamwe. Hiyo ni mchanganyiko wa mahali kadhaa, na si kosa, ni namna ya kuchora. Kuibandika kwenye nukta moja ndilo kosa. Ipe daraja D na uifunge kwenye eneo zima la mji. Vivyo hivyo kwa picha za watu alizochora Stern zisizo na mandhari nyuma: zinaonyesha watu wa Zanzibar, wala haziwezi kusema kichochoro gani.

Alhamisi. Darajani

Asubuhi fupi, jioni ndefu. Darajani hakuna cha kulinganisha kwa macho, kwa sababu kilichochorwa hakipo: mkono wa bahari ulioutenga mji na Ng'ambo, mitaa ya upande wa pili, wenye maji yaliyopwa na kujaa. Ulifukiwa kidogo kidogo, na barabara ya Creek ikachukua nafasi yake. Mchoro wa mitumbwi iliyopumzika kwenye tope nyuma ya mji unapaswa kuwekwa kwenye ramani ya kale kwanza, ndipo uhamie ya leo.

Ramani mbili zinafaa: mpango wa mji uliomo kwenye kazi ya Guillain wa 1846, na ramani za mpangamiji H. V. Lanchester za 1923. Kwenye QGIS zana ya kufungia ramani, Georeferencer, iko kwenye menyu ya Layer kwa matoleo ya karibuni. Mfumo wa majiranukta uwe EPSG:32737, yaani UTM kanda ya 37 kusini, unaopima kwa mita.

Chagua nukta za kufungia zisizohama: kona za Ngome, kona za misikiti ya kale, makutano ya vichochoro vya Mkunazini. Ukingo wa bahari usiguse, huo ndio uliobadilika. Nukta sita zikiwa zimetawanyika hadi pembeni ni bora kuliko kumi na tano zilizorundikana katikati.

Kisha aina ya mgeuzo, yaani hesabu ya kuinyoosha ramani ya kale ilingane na ya leo. Polinomia ya daraja la kwanza inahitaji nukta 3, ya pili 6, ya tatu 10. Thin Plate Spline inavutia kwa sababu inaripoti kosa sifuri, na watu hufurahi. Hilo sifuri ni la kihesabu: mgeuzo huo hulazimika kupita kwenye kila nukta, hata uliyoibandika kwenye jengo lisilo lake. Anza na daraja la kwanza, utazame mabaki ya kila nukta, yaani umbali uliobaki kati yake na mahali pake. Zote zikiwa na mita 8 na moja ina 60, hiyo moja umeikosea. Irekebishe, ndipo ufikirie Spline kama karatasi ya ramani ilijikunja.

Ramani za serikali za karne ya 20 zina mtego wao. Nyingi zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, EPSG:21037. Ukizisoma kana kwamba ni WGS 84, mfumo wa GPS, kila kitu kinahama takriban mita 300. Ukiona mji wako wote umeogelea kwa umbali na mwelekeo ule ule, tatizo ni mfumo, si nukta zako.

Ijumaa. Nusu siku

Mji unafunga mapema kwa sala. Kazi iliyobaki ni madaraja ya uhakika, nayo hufanywa mara moja kwa michoro yote ili mkono usibadilike:

A: mistari miwili au zaidi, na picha ya sasa imekubali. Kosa chini ya mita 10.
B: mstari mmoja au hesabu ya pembe. Kosa hadi mita 50.
C: mtaa unajulikana, nafasi haijulikani.
D: mji tu, au mahali pa kubuni.

D haina aibu. Mandhari za Mombasa na Kilwa katika mkusanyo wa miji wa Braun na Hogenberg wa 1572 zingeingia humo humo.

Jumamosi. Kabari

Kila mchoro wa A na B unapata umbo la kabari linaloanzia kwa mchoraji na kupanuka kuelekea alichotazama. Kwenye QGIS, mtindo wa tabaka, chagua Geometry Generator, aina ya poligoni, uandike:

wedge_buffer($geometry, "azimuti", "upana", "umbali")

Azimuti 115, upana 45 na umbali 250 hutoa kabari ya kawaida ya Forodhani. Kama skrini nzima imejaa rangi, tabaka lako liko EPSG:4326, mfumo wa latitudo na longitudo, na ile 250 imesomwa kama digrii. Hifadhi tabaka upya kwa EPSG:32737, ambako kipimo ni mita. Upande mzuri wa kanda ya 37 ni kwamba Zanzibar iko karibu na mstari wake wa kati, nyuzi 39, kwa hiyo kaskazini ya ramani na kaskazini ya kweli hazipishani kwa kiasi cha kuonekana.

Kabari ijazwe rangi kwa uwazi wa asilimia 20 hivi. Zikilaliana, pale palipochorwa na wengi panakolea penyewe. Hapo utaona kilichofichwa na alama za kawaida: uso wa bahari umekolea mno, vichochoro vya Malindi na Kokoni ni vyeupe, na Ng'ambo karibu haipo. Wachoraji wageni walifika kwa meli na kuchora walichokiona kutoka melini. Ramani ya alama za majengo isingeonyesha hivyo kamwe, kwa kuwa Beit al-Ajaib ingekuwa na rundo la nukta na basi.

Daraja C lichorwe kwa duara lenye kingo hafifu, nusu kipenyo sawa na kosa lake, kwa vipimo vya ramani. Ukiacha milimita, duara litabaki na ukubwa ule ule hata mtu akikuza, na litadai usahihi lisilokuwa nao. D haichorwi kama nukta, inapata orodha pembeni.

Unaporudisha data kutoka QField, nakili folda nzima ya mradi. Picha za uwandani hukaa kwenye folda ya DCIM ndani yake. Ukichukua faili la data la GPKG peke yake, jedwali litakuja na majina ya picha zisizokuwepo.

Jumapili. Kuchapisha

Toa matabaka mawili ya GeoJSON, la nukta na la kabari, kwa EPSG:4326 na tarakimu 5 baada ya nukta. Kabari za Geometry Generator ni mapambo ya skrini tu na hazitoki na faili. Tumia zana ya Geometry by Expression kwa fomula ile ile ili ziwe umbo la kweli, kisha ndio utoe.

Asiyetaka kuandika msimbo atumie uMap, tovuti ya kutengenezea ramani, ambayo hupokea GeoJSON moja kwa moja. Anayetaka kitelezi cha miaka atumie Leaflet: onyesha mchoro pale ambapo mwaka uliochaguliwa uko kati ya mwaka_kuanzia na mwaka_hadi. Ukurasa ukifunguliwa kwa kubofya faili mara mbili, ramani itakuja bila michoro, kwa sababu kivinjari hukataa kusoma faili jingine kwa njia hiyo. Endesha python3 -m http.server ndani ya folda na ufungue kupitia anwani ya localhost.

Epuka kukusanya nukta kwenye vifungu vyenye namba. Kwa maduka ni sawa, lakini hapa huunganisha mchoraji wa melini na aliyekaa bustanini kuwa kitu kimoja.

Picha ziwe mbili kwa kila mchoro, kijipicha cha pikseli 400 na kikubwa cha 1600 kwa muundo wa picha wa WebP, na kikubwa kifunguke mtu akibofya tu. Anayesimama Forodhani anatumia bando lake. Chini ya kila picha kuwe na msanii, miaka, mbinu, daraja na sababu ya daraja, anayeshikilia mchoro, na haki. Pembeni ya ramani zitajwe OpenStreetMap na Zanzibar Mapping Initiative kama leseni zao zinavyotaka.

Weka na jedwali la CSV lipakuliwe, likiwa na safu tupu ya "marekebisho" mwishoni. Mtu wa Shangani anayejua kwamba roshani ile ilikuwa ya nyumba ya pili ajaze hapo namba ya mchoro, anachokijua na amekijuaje, na nukta isogezwe tu baada ya mstari mpya kuchorwa na kujaribiwa.